Dada Yako Haji Kupika

Alianguka saa nne asubuhi, tupa ikiwa bado mkononi, mbele ya wanafunzi ishirini na wawili wa mwaka wa kwanza wa ufundi wa vyuma. Bahati yake ni kwamba mashine ya kuchonga aliyokuwa akiielekea ilikuwa haijawashwa. Mkufunzi wa karakana, mzee mwenye vidole vinane na adabu ya mtu anayejua vile viwili vilikokwenda, alimwinua kwa makwapa, akamkalisha juu ya kreti, akaitazama midomo yake iliyopauka, kisha akatamka maneno ambayo kijana aliyachukia kuliko maumivu ya kisogo.

"Huyu hagusi mashine yangu tena mpaka nesi aniandikie. Maiti sitaki hapa."

Chumba cha nesi wa chuo kilikuwa nyuma ya masijala: kitanda kimoja, mizani moja, na dirisha lililokwama katikati. Nesi alimchoma kidole, akasubiri, akasoma kipimo, akakunja uso.

"Damu yako ni nane nukta nne. Malaria huna. Jana ulikula nini?"

"Mkate."

"Na nini?"

"Chai."

"Na juzi?"

Kijana aliangalia viatu vyake.

"Tangu lini?" nesi aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Tangu nifike chuoni."

Ilikuwa imepita miezi tisa, na chuo hakikuwa na bwalo la chakula. Nesi aliweka kalamu mezani. "Mwanangu, unasomea vyuma na mwilini mwako hamna chuma cha kutosha hata pini. Vidonge vya madini ya chuma nitakupa, lakini vidonge peke yake havitakufikisha popote. Kipimo kikifika kumi na moja, nitamwandikia mkufunzi wako. Kisipofika, mtihani wa vitendo utakupita, na mwaka wote umekwenda na maji."

Mwenzake wa chumbani, kijana mwenye maneno mengi waliyemwita Profesa, alikuwa amemsindikiza na kusikiliza yote mlangoni. Kabla jua halijafika utosini bweni zima lilikwisha kumpa mgonjwa jina jipya, Mkate, na jina hilo likamganda.

Ni rahisi kumcheka. Mwanamume wa miaka kumi na tisa, mwenye akili ya kusoma mchoro wa gia na kuichonga isipotee hata unywele, asiyejua kuchemsha yai! Lakini asiyejua kitu kwa sababu hakufundishwa ni mmoja, na aliyefundishwa kwa bidii asikijue ni mwingine. Mkate alikuwa wa pili. Nyumbani kwao alikaa, na sahani ikaja. Alinyanyuka, na sahani ikaondoka. Siku moja, akiwa na miaka saba, aliingia jikoni kutafuta maji, na baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko, akamwita kwa sauti iliyotikisa mabati: "Toka huko! Unatafuta nini kwenye masufuria ya wanawake?" Hakuingia tena. Hivyo ndivyo watu wazima wenye nia njema wanavyomkata mtoto mikono yote miwili na kisha kumpeleka chuoni wakimtakia kheri.

Jioni hiyo alimpigia baba yake simu.

"Damu?" baba alifoka. "Mwanangu mimi akose damu? Nani anakupikia huko?"

"Hakuna anayenipikia, baba. Nesi anasema nijifunze mwenyewe."

"Huyo nesi amezaa watoto wa kiume?"

"Sijui, baba."

"Basi asinifundishe kulea wangu. Dada yako atakuja. Tutamtafutia chumba karibu na chuo, akupikie mpaka umalize."

"Dada yuko kwenye mafunzo ya kushona. Mtihani wao wa cheti umebaki miezi miwili."

"Cherehani haziendi popote. Atazikuta."

Na hapa ukweli lazima usemwe, hata kama haumpambi mtu. Kwa muda wa pumzi moja, kijana alifurahi. Aliona sahani ikija, ina mvuke, na yeye amekaa. Hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana. Kisha akasikia simu ikinyakuliwa upande wa pili, na hatua za haraka, na mlango.

"Umefurahi, sivyo?" Ilikuwa sauti ya dada yake.

"Dada, mimi sikusema..."

"Ndiyo, hukusema. Simu ya baba iko kwenye spika, nimekusikia ulivyonyamaza. Anayekataa hanyamazi, bwana mkubwa. Nilianza kupika nina miaka minane, nikisimama juu ya kopo la rangi ili niuone mdomo wa sufuria. Wewe ulikuwa na miaka sita, unachungulia mlangoni unauliza kama tayari. Leo nimepata kitu changu kimoja duniani, kimoja tu, na wewe unakuja kukizima kwa damu yako!"

"Sijui kupika, dada. Hata yai."

"Basi jifunze. Kwani yai lina shahada?"

Alikata simu. Mkate alikaa kitandani, masikio yakimwaka moto, akimkasirikia dada yake kwa ukali wake. Ilimchukua muda kugundua kwamba kila alichosema dada kilikuwa kweli, na hapo hasira ikageuka, ikamtazama yeye mwenyewe. Alimpigia baba tena. Akaomba wiki sita. Kipimo kikifika kumi na moja, dada asije.

"Wiki sita," baba alisema. "Kisipofika hapo, dada yako anapanda basi kesho yake. Na neno hilo umelitaka wewe."

Kujifunza kupika kunahitaji jiko, na hapo ndipo Mkate alipogonga ukuta. Katika vyumba vya bweni majiko yalikatazwa, na katazo hilo lilikuwa la haki, kwa kuwa nyaya za umeme mle zilikuwa kuukuu kuliko wakufunzi. Lakini mwishoni mwa korido kulikuwa na mlango wa chuma wenye kufuli, na juu yake, chini ya rangi iliyobabuka, bado mtu aliweza kusoma neno JIKO. Alikwenda kwa mlezi wa bweni, mtu mnene aliyevaa funguo kiunoni kama medali.

"Lile ni stoo," mlezi alisema bila kuinua macho.

"Juu pameandikwa jiko, mzee."

"Zamani. Sasa ni stoo ya vitanda vibovu. Wavulana hawapiki, kijana. Tuliona halitumiki, tukalifunga."

"Na la bweni la wasichana?"

"Lile liko wazi. Wasichana wanapika."

"Mliwauliza wavulana kabla ya kulifunga?"

Mlezi sasa aliinua macho. "Wewe ndiye yule wa mkate?"

Tazama jinsi dhuluma inavyojua kujificha ndani ya jambo dogo. Chuo kimoja, mabweni mawili, ramani moja ya jengo. Upande mmoja mlango uko wazi kwa sababu inadhaniwa kila msichana amezaliwa na mwiko mkononi. Upande wa pili mlango umefungwa kwa sababu inadhaniwa kila mvulana ana mwanamke mahali fulani wa kumfanyia kazi hiyo. Na kufuli hilo moja liliwadhulumu wote kwa mpigo: huku lilimdhoofisha kijana hadi akaanguka, na kule mbali lilikuwa linamvuta dada mtu kutoka kwenye cherehani yake. Mlezi hakuona hayo. Aliona vitanda.

Mkate hakupiga kelele. Alikwenda kwenye ubao wa matangazo, akazibandua kanuni za mabweni ambazo hakuna aliyezisoma tangu zibandikwe, akarudi nazo, akamsomea mlezi kanuni ya kumi na nne, polepole, kidole kikifuata mstari: kila bweni litakuwa na jiko lililo wazi kwa wakazi wake.

"Kanuni hiyo ni ya wasichana," mlezi alisema.

"Imeandikwa kila bweni, mzee. Au nimpelekee mkuu wa chuo anisomee vizuri?"

Mlezi alichomoa ufunguo mmoja, akautupa mezani. "Vitanda utatoa mwenyewe. Mimi mgongo sina."

Vilikuwa vitanda kumi na vinane, vya chuma, vilivyofungamana miguu kama wacheza mieleka. Mkate alitoa kimoja, akakaa chini mpaka kizunguzungu kipite, akatoa cha pili. Kila alipokaa alitukana moyoni, akaanza na mlezi, akaenda kwa wote waliompa mlezi huyo kazi, akamalizia na yeye mwenyewe. Profesa alikuja, akaegemea ukuta, mikono mfukoni.

"Ndugu yangu Mkate, unajichosha bure. Oa tu."

"Shika mguu huo au nenda zako."

"Nikishika nitakula?"

"Utakula."

Profesa alishika mguu. Nyuma ya kitanda cha mwisho walikuta jiko la umeme lenye sahani mbili za moto, moja nzima, moja imekufa, na sinki lenye bomba lililotoa kwanza kutu, kisha mdudu, kisha maji.

Nesi alimchorea mviringo nyuma ya fomu. "Hii ni sahani yako. Nusu yake mboga na matunda. Robo wali au viazi au mkate, maana sijakukataza mkate. Robo ya mwisho maharage, dengu, mayai, samaki, nyama ukiipata. Kila siku hivyo. Si uchawi."

Mkate alifanya kama alivyofundishwa karakanani. Alichukua sahani yake ya bati, akatafuta kitovu chake kwa bikari, akachora mistari kwa ncha ya msumari: nusu, robo, robo, isiyopotea hata unywele. Alipomweleza dada yake katika simu, dada alicheka kicheko ambacho hakikuwa cha upole.

"Umeichora sahani!"

"Ili nisikosee."

"Na ndani ya mistari hiyo umeweka nini?"

"Bado sijaweka kitu."

Dada alikuwa na dakika kumi za kumpa kila siku, wakati wenzake wa darasa la kushona wanakula. Hakuzitoa kwa ukarimu. Alizitoa kama mtu anayemfundisha kuogelea yule aliyemzamisha. Siku ya kwanza Mkate alichemsha maharage makavu kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja, na yakabaki yanalia kwenye sahani kama kokoto.

"Uliyaloweka?"

"Hukuniambia."

"Nilikuwa nayaloweka kila jioni mbele ya macho yako kwa miaka kumi na miwili! Beseni la bluu, chini ya meza. Ulikuwa unalipiga teke."

Alilikumbuka beseni. Alilikumbuka vizuri sana. Hakuwahi kujiuliza mle ndani mna nini.

Siku ya pili aliukoroga wali mfululizo, kama rangi, mpaka ukawa gundi. "Wali ukishachemka mara ya kwanza unafunikwa, moto unapunguzwa, na wewe unakaa mbali nao," dada alisema. "Najua kukaa hukuhitaji kufundishwa." Siku ya tatu aliuchemsha mchicha mpaka ukawa na rangi ya maji ya mfereji. Siku ya nne Profesa aliichungulia sahani, akajishika kifua.

"Mkate, kwa heshima zote, hiki kitu kimekufa kwa ajali?"

"Kula."

"Nakula. Nauliza tu kama familia yake imeshajulishwa."

Lakini siku ya sita, maharage yaliyolowekwa usiku kucha yaliiva kwa saa moja na nusu. Alikaanga kitunguu na nyanya na karoti, akayatia, akaacha vichemke pamoja. Mchicha aliuweka motoni kwa muda wa kuhesabu mia mbili tu, na ukatoka kijani. Wali uliachana punje kwa punje. Mistari ya sahani ilifunikwa yote. Profesa alikula kimya, jambo ambalo halijapata kutokea, kisha akalamba kijiko. Wiki ya pili vijana wanne wa korido walikuwa wakija na sahani zao, na Mkate aliweka sheria: asiyekata kitunguu hali, na asiyeosha sufuria harudi. Mmoja alisema kwao hajawahi kuosha sufuria. "Hapa si kwenu," Mkate alimjibu, akashangaa kusikia sauti ya dada yake ikitoka kinywani mwake.

Wiki ya tatu alikwenda kwa nesi akitembea kama mshindi. Kidole, kioo, kusubiri.

"Nane nukta tano," nesi alisema.

Alidhani amesikia vibaya. Aliomba apimwe tena. Nane nukta tano.

"Haiwezekani!" Alipiga kiganja mezani, mizani ikatikisika. "Nimekula kama ulivyoagiza. Maharage, dengu, mchicha, mayai. Kila siku! Sijaruka hata siku moja!"

"Vidonge?"

"Asubuhi na jioni, na chakula."

"Unavimeza na nini?"

"Na chai."

"Chai gani?"

"Ya rangi. Nzito. Kama nyumbani."

"Na maharage yako, unayashushia na nini?"

"Na chai. Kila mtu hunywa chai na chakula."

Nesi alifumba macho, akaweka mkono kwenye paji la uso. "Chai nzito inakifunga kile chuma tumboni. Unakitia kwa mkono mmoja na kukizuia kwa mwingine. Chai ni mpaka ipite saa moja baada ya kula, si kabla. Na chakula unakunywa maji, na unakamulia limau juu ya mboga, au unakula chungwa. Hilo linakisaidia chuma kuingia."

"Mbona hukuniambia? Wiki tatu! Una habari wiki hizo tatu ni za nani?"

Mtu mwingine angejitetea, na vyeo vya namna hiyo vimejaa watu wanaojitetea. Nesi huyu hakufanya hivyo. "Nilipaswa kukuuliza unakunywa nini," alisema. "Nilikuuliza unakula nini tu. Kosa ni langu."

Kijana alikosa pa kuipeleka hasira. Alitoka nayo, akazunguka uwanja mara mbili, kisha akampigia dada yake. Dada hakupokea. Alipokea mama, mwanamke aliyezoea kusema kwa kunong'ona hata akiwa peke yake.

"Dada yako yuko darasani, mwanangu. Simu ameisahau. Damu inaendaje?"

Alimweleza kuhusu chai. Mama aliguna.

"Chai hiyo ndiyo nimewanywesha wote. Hata mimi nilipomzaa dada yako niliishiwa damu. Wauguzi walisema nile maharage na mboga sana. Baba yako alinipikia wiki mbili nzima."

Mkate alisimama palepale. "Nani alikupikia?"

"Baba yako. Maharage yake matamu kuliko yangu, anajua. Si alikuwa akijipikia njiani miaka yote, pembeni ya lori? Ila alikuwa anafunga mlango. Hakutaka majirani wamwone. Usimwambie nimekwambia."

Yule mtu aliyemfukuza jikoni akiwa na miaka saba alikuwa mpishi! Hakukosa ujuzi, aliuficha. Alikuwa na chakula cha kumrithisha mwanawe, akamrithisha aibu, na mzigo wote akamtwika binti wa miaka minane aliyesimama juu ya kopo.

Wiki tatu zilizobaki alipika kwa meno yaliyoumana. Chai aliisogeza mbali na chakula. Limau alilikamua juu ya kila kitu mpaka Profesa akalalamika kwamba hata ndoto zake zimekuwa chachu. Alijifunza dengu, zinazoiva haraka siku ya mihadhara mingi. Alijifunza kuchemsha mayai sita kwa mpigo na kuweka mengine kwa kesho. Alijifunza kwamba kabichi likikatwa jembamba na kukaangwa upesi linabaki na uhai, na kwamba samaki wadogo wakavu wakioshwa kwa maji ya moto mara mbili hawanuki bweni zima. Ngazi za bweni, alizokuwa akizipanda kwa vituo, sasa alizipanda bila kusimama.

Siku ya mwisho ya wiki ya sita nesi alisoma kipimo mara mbili kabla ya kusema.

"Kumi nukta nne. Umefanya kazi kubwa, mwanangu. Kubwa sana. Lakini kwenye mashine sikurudishi bado. Nakuruhusu kazi za mezani, za tupa na vipimo. Rudi baada ya wiki mbili."

Bwenini Profesa alikuwa anamsubiri. Alisikia namba, akashusha pumzi, kisha akasogea karibu.

"Mwambie mzee ni kumi na moja. Atajua wapi? Yuko mbali, hana kipimo."

Mkate alilifikiria. Uongo huo ungemwokoa dada siku ileile. Lakini ungemwokoa kwa masharti ya baba, na mwezi ujao, kipimo kikishuka au kikohozi kikimpata mtu mwingine nyumbani, dada angetakiwa tena afungashe. Alipiga simu.

"Imefika?" baba aliuliza.

"Kumi nukta nne."

"Kumi na moja ulisema mwenyewe."

"Ndiyo, baba."

"Basi kesho anapanda basi. Neno ni neno."

"Neno lile lilikuwa kosa langu, baba. Nilimweka dada rehani kwa damu yangu, na yeye hakuulizwa. Hata kipimo kingekuwa tano, dada haji."

"Unasemaje?"

"Akishuka kwenye basi nitampandisha la kurudi. Chakula chake sitakula. Napika mwenyewe."

"Nani amekufundisha kunijibu namna hiyo? Huyo nesi?"

"Baba, ulipokuwa ukikaa wiki tatu njiani, nani alikuwa anakupikia?"

"Barabarani ni barabarani. Kule hakukuwa na mwanamke."

"Na alipozaliwa dada? Nyumbani kulikuwa na barabara?"

"Nani amekwambia hayo?"

"Unajua kupika, baba. Umejua siku zote. Ulifunga mlango ukapika, ukaufungua ukatuambia wanaume hawapiki. Mimi nimeanguka mbele ya mashine kwa ajili ya mlango huo. Dada amesimama jikoni miaka kumi na tatu kwa ajili ya mlango huo. Ulimwonea nani aibu? Majirani? Walikuwa wanatulisha?"

Alisubiri tusi. Baba alikata simu.

Kesho yake Mkate hakwenda darasani. Alikwenda stendi tangu asubuhi, akasimama karibu na kibanda cha tiketi, maneno ya kumwambia dada yamepangwa kinywani. Basi la kwanza liliingia, watu wakashuka na mabegi na watoto waliolala. Dada hakuwamo. La pili halikumleta pia. Basi la tatu na la mwisho kutoka kwao lilifika saa sita na nusu, na Mkate akachungulia ndani mpaka kondakta akamuuliza kama anatafuta kiti au anatafuta ugomvi. Viti vilikuwa vitupu. Alipiga simu, haikupokewa. Alipiga tena.

Saa saba simu ililia.

"Uko wapi?" alipaza sauti.

"Darasani. Unadhani niko wapi? Ndiyo kwanza tumetoka kula." Nyuma yake kulikuwa na sauti za wasichana wakicheka. "Jana jioni baba ameniambia nifungashe. Nikamwambia sifungashi. Amesema wewe umemtukana. Nikamwambia kama ulichosema ni kile nilichokisikia kupitia ukuta, basi hukumtukana, ulichelewa tu."

"Na mama?"

"Mama amesema siondoki. Mama yetu, yule wa kunong'ona. Amesema kwa sauti mpaka jirani akazima redio."

"Na baba?"

"Amenuna. Anasema hana watoto. Asubuhi ameondoka bila kuaga. Sijui itakuwaje, mdogo wangu. Lakini mtihani umebaki wiki mbili, na mimi niko hapa."

Mkate aliegemea ukuta wa kibanda. "Dada, mimi nilitaka kusema..."

"Usiseme. Na usingoje nikushukuru. Umekula mikononi mwangu miaka mingi bila kushukuru, na jana umefanya tu kilichopaswa kufanywa na mtu yeyote mwenye haya."

"Sikuwa nangoja."

"Vizuri." Mtu alimwita huko aliko, naye akaitika. "Nina kola ya kumaliza kabla ya saa nane," akasema, akakata simu.